Sufu ya Corriedale imelala ghalani: kasoro ni ya mfugaji, ya mbegu au ya soko?

Malisho_ya_Kipipiri (mwanzisha uzi)

Habari zenu, ndugu wafugaji. Ninafuga kondoo wa Corriedale wapatao arobaini upande wa Kipipiri, kaunti ya Nyandarua, kwenye shamba ambalo nusu yake ni viazi na nusu ni malisho. Kundi nililirithi kwa baba, ambaye alikuwa akinyoa mara moja kwa mwaka na kuipeleka sufu Nakuru, na fedha alizorudi nazo ndizo zilizolipa karo ya muhula wa kwanza. Mimi sufu yangu ya misimu miwili imelala ghalani. Dalali pekee aliyefika kuitazama alinitajia shilingi 40 kwa kilo akiwa amesimama mlangoni, bila kufungua gunia hata moja. Mnyoaji hunitoza shilingi 100 kwa kichwa. Kondoo wangu mmoja hutoa kilo mbili na nusu, akinenepa hufika tatu. Kwa hiyo mauzo yote huishia mkononi mwa mnyoaji, na bado sijahesabu dawa ya minyoo, josho wala usafiri.

Ninachouliza ni hiki: je, sufu yetu imekosa bei kwa sababu sisi wenyewe tunaiharibu, au kwa sababu mbegu imechakaa, au soko lenyewe limekufa na hakuna cha kufufua? Majirani wananihimiza nilete dume la Dorper nigeuze kundi liwe la nyama. Damu ikishachanganyika, kuirudisha ni kazi ya miaka mingi, ndiyo maana nimekuja kuuliza kwanza.

Dorper_Kajiado

Majirani wako wanakutakia mema. Dorper hahitaji mkasi, kwa kuwa manyoya yake mengi hupukutika yenyewe, na mwanakondoo wake hufikia uzito wa kuuzwa mapema. Mnunuzi wa nyama hunifuata mpaka langoni na fedha taslimu. Sijawahi kuona mnunuzi wa sufu akifanya hivyo.

Mnyoaji_wa_Molo

Kabla hatujamzika Corriedale, ningependa kujua mambo kadhaa kutoka kwa mwenye uzi. Nimenyoa kondoo Molo, Elburgon na Mau Narok kwa muda mrefu, na nimeona sufu nzuri sana ikiharibika kati ya mgongo wa kondoo na mlango wa ghala. Umeifunga katika magunia gani? Kondoo walinyolewa wakiwa wakavu? Na sufu ya tumboni na miguuni ilitengwa, au kila kitu kilishindiliwa pamoja?

Malisho_ya_Kipipiri

Magunia ni yale ya viazi, ya plastiki iliyosukwa. Kondoo walikuwa wakavu, kwa sababu tulinyoa mwezi wa pili kabla ya mvua. Kuhusu kutenga, hapana. Mnyoaji alisukuma kila kitu pembeni na vijana wakashindilia.

Mnyoaji_wa_Molo

Basi hapo pana sababu ya kutosha. Gunia la plastiki iliyosukwa huachia nyuzi nyembamba kila linapokwaruzwa, nazo hujichanganya na sufu. Nyuzi hizo hazitoki kwa kuoshwa wala kwa kuchanwa, na kwa kuwa hazishiki rangi, huja kuonekana nguo ikiwa imekwisha kufumwa. Mnunuzi akiumizwa na uchafu huo mara moja, hushusha bei ya mzigo wote unaotoka eneo lile, ukiwemo wa jirani aliyejitahidi. Kamba ya nailoni ya kufungia nyasi kavu ina madhara yaleyale, na rangi ya mafuta ambayo wengi wetu huipaka mgongoni ili kumtambua kondoo ni mbaya zaidi, kwa sababu haioshiki kabisa.

Kuhusu unyoaji wenyewe: kondoo asipewe chakula usiku wa kuamkia siku hiyo, kwani tumbo jepesi humpunguzia taabu anapokalishwa, na pia sakafu haichafuki. Panapotandikwa turubai safi, mkasi upite karibu na ngozi kwa mkupuo mmoja. Mnyoaji anayerudia pale alipokwisha kupita hukata vipande vifupi vifupi, na hivyo ndivyo vinavyoufanya uzi uwe na vinundu. Sufu ya kondoo mmoja ikitoka nzima, itandazwe juu ya meza ya fito, upande uliokatwa ukitazama chini, ikung'utwe mpaka vipande vifupi vidondoke kati ya fito. Kisha kingo zing'olewe kwa mkono kuzunguka pande zote: ya tumboni, ya miguuni, iliyoganda kinyesi, na ile ya shingoni iliyojaa mbegu za kishona nguo. Zilizong'olewa zina gunia lake. Kinachobaki mezani hukunjwa pande mbili kuja katikati na kuviringishwa kuanzia mkiani, na hicho ndicho cha kupeleka sokoni.

Jaribu jambo moja leo jioni. Chomoa kishungi kutoka ubavuni, unene wa kalamu ya risasi, ukishike ncha kwa ncha karibu na sikio, kisha ukivute kwa ghafla. Kikitoa mlio mkavu kama uzi wa zeze, sufu ina nguvu. Kikichanika katikati, jua kwamba kondoo alipata njaa au homa wakati sehemu ile ya unywele ilipokuwa ikiota.

Hesabu_za_Shamba

Maelezo ya @Mnyoaji_wa_Molo ni mazuri na nimeyahifadhi, lakini hayajibu swali. Mwenye uzi amesema dalali hakufungua gunia. Mtu ambaye hakuigusa sufu hawezi kuwa ameshusha bei kwa sababu ya plastiki, kinyesi au kishona nguo. Alitaja bei moja kwa sufu yote, safi na chafu. Palipo na bei moja, mfugaji anayetumia siku nzima kung'oa kingo anajipunguzia uzito wa kuuza, na yule anayeacha mchanga ndani analipwa kwa mchanga. Kwa maoni yangu uchafu wa sufu ni matokeo ya soko bovu, wala si chanzo chake.

Mnyoaji_wa_Molo

@Hesabu_za_Shamba, dalali hafungui gunia kwa sababu ameshafungua mia nyingine za eneo hilohilo na anajua atakachokikuta.

Mwalimu_Mstaafu_Njoro

Naomba niongeze upande wa historia, kwa sababu baba yake mwenye uzi hakuwa na meza ya fito wala turubai kuliko mwanawe. Alichokuwa nacho ni KFA. Chama kile cha wakulima kilichokuwa na makao Nakuru kilipokea sufu ya mkubwa na ya mdogo, kikaipanga madaraja, kikaunganisha mizigo na kuitafutia mnunuzi. Mwenye magunia matatu alilipwa kwa daraja la sufu yake sawasawa na mwenye shamba la ekari elfu. Katika miaka ya 1980 chama kilibadilishwa jina na muundo, kikaelemewa na madeni, na hata lile jina la zamani liliporudishwa katika miaka ya 1990, ile kazi ya kukusanya na kupanga madaraja haikurudi na nguvu yake. Mfugaji mdogo akabaki na dalali wa mlangoni.

Ongezeni hapo kugawanyika kwa mashamba. Malisho yaliyobeba kondoo mia mbili yamegawanywa kwa wana watano, na kila mmoja amelima viazi. Kisha zikaja ghasia za mwaka 2008 upande wa Molo na Kuresoi, ambapo familia zilizokimbia ziliacha mifugo nyuma na wengi waliporudi hawakuanza tena na kondoo.

Kijana_wa_Olkalou

Mwalimu, shikamoo. Mimi nadhani tatizo lilianza mapema zaidi. Corriedale ni mbegu ya Uingereza, haikuumbwa kwa ajili ya ikweta. Hata Delamere, yule mlowezi wa Kiingereza, alipoleta kondoo wa sufu Njoro walikwisha wote kwa kuliwa na simba.

Mwalimu_Mstaafu_Njoro

Marahaba. Mambo mawili hapo yanahitaji kunyooshwa. Corriedale hakutoka Uingereza. Alipatikana New Zealand na Australia mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuchanganya Merino na Lincoln, na lengo tangu mwanzo lilikuwa kondoo mmoja wa kutoa sufu na nyama kwa pamoja. Wa Uingereza ni Romney Marsh, ambaye ana asili ya Kent na ambaye pia amefugwa sana katika nyanda zetu za juu.

Kuhusu Njoro, kilichowamaliza kondoo wa Delamere miaka ya mwanzo ya 1900 kwa sehemu kubwa kilikuwa magonjwa na upungufu wa madini katika malisho, ijapokuwa wanyama wa mwituni walikuwepo. Nyasi zilionekana kijani na tele, na kondoo wakakonda wakiwa wamezama ndani yake. Ugonjwa huo wa kudhoofika hata ulipewa jina la Nakuru. Umuhimu wa kobalti kwa mifugo ulikuja kuthibitishwa Australia katika miaka ya 1930, na ndipo jambo hilo lilipoeleweka.

Tabibu_wa_Mifugo

Ninashukuru Mwalimu kuligusa suala la madini, kwa sababu naliona kila wiki. Kobalti ikikosekana, kondoo hawezi kutengeneza vitamini B12 tumboni, anakonda, machozi yanamtiririka na sufu inakuwa kavu na nyepesi. Shaba ikipungua, sufu hupoteza mawimbi yake, inanyooka na kung'aa isivyo kawaida. Lakini tafadhali, msikimbilie kuwapa kondoo chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Kiasi cha shaba kinachomfaa ng'ombe humlimbikizia kondoo sumu kwenye ini, naye hufa ghafla baada ya wiki au miezi, mwenyewe akidhani amelogwa. Nunueni iliyoandikwa kwamba ni ya kondoo.

Kwa @Dorper_Kajiado: Dorper ni kondoo mzuri, alitokana na Dorset Horn na Persia mwenye kichwa cheusi huko Afrika Kusini katika miaka ya 1930, kwa ajili ya maeneo makavu. Kajiado panamfaa. Ukimleta kwenye matope ya Kipipiri mwezi wa tano, utahangaika na minyoo na kuoza kwato kiasi kwamba faida ya nyama utaihamishia dukani kwa mwenye dawa.

Dorper_Kajiado

Daktari, Corriedale naye anaoza kwato. Na virusi vya ulimi wa buluu huwapiga kondoo wa sufu wa kigeni kwa ukali ambao kondoo wetu wa asili hawauoni. Ikiwa hoja ni magonjwa, basi mshindi ni kondoo mwekundu wa Kimasai, ambaye watafiti wamethibitisha kwamba anastahimili minyoo kuliko Dorper, na yeye hana sufu ya kumsumbua mtu.

Tabibu_wa_Mifugo

Hilo la kondoo mwekundu ni kweli na silipingi. Kwa kwato, chimba birika fupi mlangoni mwa zizi, tia salfeti ya zinki ya asilimia 10, wasimame ndani yake kisha wapelekwe mahali pakavu. Kondoo wasipelekwe birikani wakiwa na kiu, wasije wakanywa.

Mkaazi_wa_Wales

Salamu kutoka huku. Ninafanya kazi kwenye shamba la kondoo katika milima ya Wales, na nimesoma uzi huu kwa masikitiko kwa sababu ni mazungumzo yaleyale tunayoyasikia hapa. Wafugaji wa Uingereza wana chombo chao cha kukusanya na kupanga madaraja tangu mwaka 1950, wana wanyoaji waliofuzu, wana mashine, hawatumii magunia ya viazi, na bado kuna miaka ambapo malipo ya sufu hayafikii gharama ya kunyoa. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga viwanda na mauzo ya kwenda China yakasimama, wapo walioichoma au kuifukia. Kondoo ananyolewa kwa ajili ya afya yake tu, asipate joto na funza.

Kwa hiyo nina shaka na maelezo yote mawili, la plastiki na la KFA. Dunia inalipa vizuri sufu nyembamba ya Merino, ile ambayo unene wa unywele wake ni mikroni 20 na chini (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), inayovaliwa karibu na ngozi. Sufu ya Corriedale ni ya mikroni 25 hadi 31 hivi, na ya Romney hupita 30. Unene huo ulikuwa na kazi yake katika mazulia, mablanketi na makoti, na kazi hiyo imechukuliwa na nyuzi za viwandani zinazotokana na mafuta ya petroli. Hata Australia, yenye sufu bora, ilishindwa kulinda bei ya chini: mpango wake ulivunjika mwezi Februari 1991 ukiwa na marobota zaidi ya milioni 4 yasiyo na mnunuzi. Soko la aina hiyo haliwezi kurekebishwa kutoka Kipipiri.

Hesabu_za_Shamba

Tarehe hiyo ya 1991 inaeleza mengi. Ni miaka ileile ambapo milango ya mitumba ilifunguliwa hapa kwetu, na sweta za shule zikahamia kwenye uzi wa akriliki. Mzee aliyesema KFA iliangushwa na madeni na mwenzetu wa Wales anayesema bei ya dunia ilianguka huenda wanazungumzia tukio moja kutoka madirisha mawili.

Mwalimu_Mstaafu_Njoro

Sikubaliani. Madeni ya chama chetu yalitokana na nafaka na mikopo kuliko sufu, na yalianza kabla ya mwaka huo.

Mama_Msokotaji

Hamjambo. Nimewasoma nyote, na kila mmoja anazungumzia viwanda na marobota, hali mimi niko hapa Timau ninatafuta sufu na siipati. Kazi yetu ni kusokota kwa mkono na kufuma mazulia, mashuka ya mabegani na sweta. Kazi hii haikuanza jana. Nanyuki kuna kikundi cha akina mama, Nanyuki Spinners and Weavers, ambacho kimekuwa kikisokota na kufuma tangu miaka ya 1970, na wageni wanakijua. Sufu iliyo safi ninainunua kwa bei mara tatu au nne ya ile ya dalali wa mwenye uzi. Lakini sinunui gunia. Ninanunua sufu ya kondoo mmoja mmoja, nzima, iliyotandazwa mbele yangu.

Niwaambie ninachokitafuta. Kishungi kiwe na urefu wa sentimita nane mpaka kumi na mbili, kwa maana kifupi zaidi kinakimbia vidoleni. Ninakifungua katikati na kutazama ndani: nikiona weupe wa maziwa na mafuta yanayoteleza, nafurahi, nikiona unjano uliokolea usiotoka kwa kusugua, huo ni wa kulala kwenye mkojo na mvua, na hautaosheka. Nikiona unywele mnene, mkavu, mweupe kama chaki, uliosimama peke yake kati ya wenzake, ninajua kuna damu ya kondoo wa manyoya, na ninairudisha hata kama mengine yote ni mazuri. Unywele huo haushiki rangi na unachoma shingo ya mvaaji. Kwa hiyo @Dorper_Kajiado, dume lako likipita Kipipiri mara moja, mimi nimepoteza sufu ya kundi hilo kwa vizazi kadhaa.

Sufu mbichi nikiiosha, kilo moja hubaki nusu au theluthi mbili, kwa sababu mafuta, jasho na vumbi vinaondoka. Naitia katika maji ya moto ya kama nyuzijoto 60 yenye sabuni, naizamisha kwa kuibonyeza tu. Ukiikoroga inashikana na kuwa blanketi kabla ya wakati wake. Naitoa kabla maji hayajapoa, maana yakipoa mafuta yanairudia.

Mkaazi_wa_Wales

Mama, hiyo ni kweli hata huku. Wasokotaji wa mkono hununua sufu moja moja kwa bei ambayo kiwanda hakiwezi kulipa, na baadhi ya wafugaji huwavalisha kondoo makoti ya kitambaa ili majani yasiingie. Hofu yangu ni kwamba wanunuzi wa namna hiyo ni wachache. Kundi moja la kondoo arobaini wanaweza kulimaliza. Kaunti nzima hawawezi.

Binti_wa_Mau_Narok

Ningependa kumuuliza Mama_Msokotaji kuhusu rangi. Baba yangu huwachinja wanakondoo weusi mapema, akisema mmoja anaharibu sufu ya kundi lote.

Mama_Msokotaji

Kwa kiwanda baba yako ana haki, kwa sababu unywele mweusi mmoja ndani ya sufu nyeupe hauwezi kufichwa na rangi hafifu. Kwangu mimi, mweusi, wa kahawia na wa kijivu ni mali, kwa sababu ninafuma michoro bila kutia dawa ya rangi. Mradi awe anaishi na kunyolewa mbali na weupe. Mwambie baba asiharakishe kisu.

Mlima_Makete

Habari za jioni. Nipo Makete, mkoa wa Njombe, ambako baridi ya mwezi wa sita na wa saba huleta umande wa barafu mashambani. Tunafuga kondoo wa asili kwa nyama, na nimekuwa nikijiuliza kama kondoo wa sufu wangefaa huku. Je, sufu nyingi hutokana na baridi?

Tabibu_wa_Mifugo

Karibu. Sufu hutokana zaidi na mbegu na chakula kuliko baridi. Nyanda za juu zinapendwa kwa sababu kupe ni wachache na joto halimdhoofishi kondoo mwenye koti. Ukinunua wanyama kutoka mahali pasipo na kupe na kuwapitisha au kuwaweka mahali penye kupe wa kahawia wa masikioni, jihadhari na ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, ambao ulitambuliwa mwaka 1910 na bado unaua kwa kasi kundi lisilo na kinga.

Msafiri_wa_Maseru

Naona tumeifika hoja ya kukusanya nguvu, nami nimeishi Lesotho, nchi ambayo wafugaji wadogo wa milimani wanaishi kwa sufu ya Merino na kwa manyoya ya mbuzi wa Angora. Wengi wao wana mifugo michache kama mwenye uzi. Wanachofanya ni kuwapeleka wanyama kwenye jengo moja la kunyolea la eneo, ambako sufu hupangwa madaraja mbele ya wenyewe, hufungwa katika marobota na kupelekwa mnadani; kwa miaka mingi mnada huo ulikuwa Afrika Kusini. Kwa hiyo si kweli kwamba mfugaji wa kondoo arobaini hawezi kuingia kwenye soko la dunia.

Hata hivyo Mwalimu asishangilie mapema. Mwaka 2018 serikali ya huko ilitoa kanuni zilizolazimisha sufu iuzwe kupitia ndani ya nchi. Malipo yakachelewa mno, wengine wakapata kidogo, na mwaka 2019 wafugaji waliandamana kwa wingi mjini Maseru. Chama cha kukusanya ni kitu kizuri pale mfugaji anapoweza kukiacha na kwenda kwingine.

Hesabu_za_Shamba

Msafiri amesahau kipimo kimoja: wale ni Merino. Nyembamba. Anarudi kwenye hoja ya Wales bila kujua.

Msafiri_wa_Maseru

Sikukisahau. Basi dume la Merino juu ya majike ya Corriedale litapunguza unene wa sufu katika uzao wa kwanza tu, na hapo mfugaji wa Nyandarua atakuwa na kitu cha kupeleka mnadani.

Mnyoaji_wa_Molo

Atakuwa na kondoo wenye makunyanzi shingoni wanaokatwa na mkasi, kwato laini kwenye matope, na mwanakondoo mdogo ambaye mchinjaji wa Naivasha atamkataa. Corriedale alipendwa hapa kwa sababu mwaka sufu isipouzika, nyama inauzika. Msimwondolee mtu mguu mmoja.

Viazi_na_Kondoo

Wakati tunasubiri soko, zile kingo ambazo @Mnyoaji_wa_Molo anasema zing'olewe zisitupwe. Sufu chafu ina naitrojeni ya karibu asilimia 10 na huiachia polepole. Mimi huitandaza kuzunguka miche ya matunda damu na kabichi, ikashika unyevu, na konokono hawapendi kuipita. Kwa bei ya mbolea tunayoijua sote, shilingi 40 ya dalali huenda ni hasara hata kwa sufu ya tumboni.

Malisho_ya_Kipipiri

Ninawashukuru. Nimefungua magunia mawili na kutandaza sufu juu ya mlango wa zamani. Za tumboni zilikuwa zimegandamana na zile nzuri, na nyuzi za plastiki zipo, hasa zile zilizogusa gunia. Katikati ya mzigo ni chache. Nimejaribu vishungi kama nilivyoelekezwa. Vya madume na vya kondoo wachanga vinalia vizuri. Vya majike waliozaa vinakatika, na vyote vinakatikia mahali pamoja, katikati ya urefu. Majike wangu huzaa mwezi wa tisa. Nimetenga sufu kumi na moja za ubavuni na mgongoni ambazo zinafikia sentimita kumi, na ningependa Mama_Msokotaji aelekeze jinsi ya kumtumia sampuli. Kuhusu Dorper, bado sijaamua; jirani yangu mmoja ameshaleta dume.

Mama_Msokotaji

Nitumie kishungi cha begani, cha ubavuni na cha paja kwa kila kondoo, ukivifunga katika karatasi, si mfuko wa plastiki. Za majike zinazokatika katikati usinitumie kwa sasa. Na huyo dume wa jirani, mtengenezee ua.

Tabibu_wa_Mifugo

Kukatika mahali pamoja kunaeleza kila kitu. Unanyoa mwezi wa pili, wanazaa mwezi wa tisa, na mwisho wa mimba pamoja na kunyonyesha ndio wakati ambapo mwili wa jike unainyima sufu chakula. Ndiyo maana udhaifu umeangukia katikati. Dume likipandishwa mwishoni mwa mwezi wa kumi, majike watazaa mwishoni mwa mwezi wa tatu, kwa sababu mimba ya kondoo ni miezi mitano. Ukinyoa wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa, sehemu dhaifu itaangukia karibu na ncha ya unywele, na urefu wote uliobaki utakuwa mzima. Tena jike aliyenyolewa hutafuta mahali pa kujikinga na mvua, na mwanawe anakingwa pamoja naye. Waongezee chakula katika wiki sita za mwisho.

Mnyoaji_wa_Molo

Daktari, kwa heshima, wanakondoo wa mwezi wa tatu katika Kipipiri watazaliwa moja kwa moja kwenye masika. Nimeona zizi zima la wanakondoo likilala usiku mmoja kwa baridi na matope, na mama zao wakiwa wamenyolewa. Wazee walichagua mwezi wa tisa kwa sababu mvua ni ndogo na nyasi zipo. Utaokoa kishungi, upoteze mwanakondoo, na mwanakondoo mmoja anauzwa kwa fedha nyingi kuliko sufu ya mama yake kwa miaka kumi.

Tabibu_wa_Mifugo

Ndiyo, akikosa banda lenye paa na sakafu ya fito. @Malisho_ya_Kipipiri, hapo kwako banda likoje, na majike wanaozaa kwa wakati mmoja ni wangapi?

Malisho_ya_Kipipiri

Majike ni ishirini na wanane. Banda lina paa la mabati, sakafu ni ya udongo, na upande unaotazama mlima uko wazi.

Mnyoaji_wa_Molo

Ziba upande huo kwanza, kabla ya kuhamisha mwezi wowote.